Bibi wa kwenye video yangu

Jamani, leo natamani ardhi ipasuke.

Mnaikumbuka video ya bibi wa Nyakitonto niliyempelekea sukari kilo mbili? Ndiyo iliyonipa jina hapa Kasulu.

Siku ile alitaka kuvaa kitenge chake kizuri. Nikamkatalia, nikamwambia abaki na kile kilichochanika.

Leo kanifuata kibandani kwangu sokoni, kavaa kile kitenge chake kizuri, na kikapu cha maharage mkononi.

"Mjukuu wangu, ukiletewa, nawe unapeleka. Haya, nionyeshe hiyo video. Nilipendeza?"

Nikamwambia simu imeisha chaji.

Video nimeshaifuta, lakini nyie mmeshaisambaza kila mahali. Nifanyeje?

Naandika haya nimejificha nyuma ya kibanda. Yeye kakaa mbele, anasubiri simu ijae.