Namba Niliyoisoma Kuwa Mwaka

Nilimtia aibu Mzee Hamisi siku ya posa ya mjukuu wake, na mpaka leo nikienda Ujiji napita njia ya nyuma nisikutane naye.

Pale Mwanga, mtaani kwangu, najulikana kama mjuzi wa umri wa bunduki za kale, ingawa ujuzi wenyewe nimeuokota mtandaoni. Siku hiyo Mzee alitoa bunduki ya Kijerumani ya marisau, zile risasi za chembechembe, yenye kibali, akawaambia wageni kutoka Mwandiga kwamba marehemu baba yake alipewa na Mjerumani mmoja kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Akanikabidhi niwathibitishie. Nikachomoa mitutu yake miwili, nikaona chini yake 1934.

"Mzee, hii ni ya mwaka thelathini na nne," nikasema kwa madaha. "Wajerumani walishaondoka zamani."

Mgeni mmoja akakohoa, mwingine akatazama mkeka. Kwa ujinga wangu nilidhani wanastaajabia elimu yangu.

Mwajuma, binti wa Mzee, akaichukua bunduki na kuifuta mafuta kwa kitambaa.

"Kaka, mbona 1934 ipo na hapa kwenye chuma cha kitako? Mwaka unaandikwa mara mbili?"

Nikainama kutazama. Ile 1934 ilikuwa namba ya bunduki tu, inayogongwa kwenye kila kipande chake. Pembeni yake kwenye mtutu, kwa tarakimu ndogo, paligongwa 3.12, yaani mwezi wa tatu, mwaka 1912. Nikalazimika kuwasomea wote kwa sauti.

Mzee Hamisi alikuwa anajifuta macho.

"Kwa hiyo," akaniuliza taratibu, "baba yangu hakunidanganya?"