Kola ya Lesi

Fundi cherehani alikuwa na dharau za aina mbili: ya jumla, aliyoigawa kwa watu wote bila ubaguzi, na ya pekee, aliyomwekea mkwe wake. Mkwe huyo, mke wa mwanawe wa kwanza, alifuma lesi. Sebuleni kwake kila kitu kilivalishwa: migongo ya makochi, meza, redio, hata jagi la maji lilikaa chini ya shela kama bibi harusi.

"Ukizubaa kidogo humo ndani, na wewe unafumiwa kifuniko," fundi aliwaambia wateja wake.

Kwake yeye, kushona kulikuwa cherehani ya miguu, mkasi mzito, na mshono uliokazwa mpaka nguo ichakae kabla uzi haujaachia. Lesi ilikuwa kazi ya wasio na kazi.

Basi kitindamimba wake akachumbiwa, akataka gauni lenye kola ya lesi.

"Nataka niwaambie watu lote kashona mama, mpaka kola. Kama haiwezekani, nanunua la dukani."

"La dukani! Yale yanayoshonwa na watu waliofumba macho?"

Fundi akameza mate machungu, akaenda kwa mkwe wake, ambaye kila Jumamosi aliwafundisha majirani kufuma.

"Karibu mama. Sindano unaishika kama kalamu."

"Kalamu niliiacha shuleni."

Sindano yenyewe ilikuwa kijiti chenye kikulabu nchani. Fundi aliitazama kama mtu aliyepewa kijiko avukie mto.

"Legeza uzi, mama."

"Uzi uliolegea ni uzi wa mvivu."

Akavuta kila kitanzi kama anayefunga mdomo wa gunia. Duara lililotakiwa kulala bapa likajikunja, kingo zikapanda juu.

"Mama, hiyo ni kola au bakuli?" aliuliza muuguzi mmoja aliyekuwa akijifunza naye.

"Ni ya kukuziba mdomo, mwanangu."

Nyumbani akalikandamiza kwa pasi. Likatulia muda wote pasi ilipokuwa juu yake, kisha likainuka tena, jeuri.

Jumamosi iliyofuata akarudi kwa mkwe wake, akaanza upya. Aliuma meno, akalegeza mkono, na maua yakaanza kutoka, yamepinda lakini yanatambulika. Kola ilikuwa imezidi nusu ya shingo alipoona ua moja katikati limeharibika. Mshona nguo akiona kipande kibaya hukikata, akashona tena. Fundi akachomoa mkasi kwenye mkoba.

"Mama, usi—" mkwe alidakia.

Alishakata. Lesi ile ilikuwa uzi mmoja tangu mwanzo, na vitanzi vikaanza kuachiana kushoto na kulia, kama watu wanaotoroka mkutano. Akavuta ili avizuie. Vikazidi kukimbia.

Hakuna aliyecheka, hata muuguzi. Hilo lilimuuma kuliko utani wa bakuli.

Wenzao walipoondoka, mkwe akasogea karibu. "Nitafuma mimi, mama. Sitasema kitu. Wifi atajua ni yako."

Alisema kwa upole, na fundi aliudharau upole, hasa alipouhitaji.

"Fuma. Na usijaze maua kama kaburi."

"Nitajaza, mama."

Kola ilipoletwa, fundi aliigeuza, akaivuta, akakaa nayo dirishani asubuhi nzima akitafuta kasoro. Hakupata hata moja. Siku ikamharibikia.

Siku ya kujaribu gauni, binti alisimama juu ya kigoda. Fundi alipiga magoti kwenye pindo, pini zimejaa midomoni. Mkwe alishika kioo.

"Mama! Hii kola umefuma mwenyewe?"

Mwenye pini mdomoni hasemi, na hakuna anayemlaumu. Mkwe alikodolea macho mgongo wa kioo, kimya, kama alivyoahidi. Fundi akazitoa pini, akazichomeka moja moja kwenye mkono wa blauzi yake.

"Kafuma wifi yako. Mimi imenishinda."

Binti akapapasa shingo yake. "Kwa hiyo si gauni la mama."

"Mpaka mabegani ni la mama. Kutoka hapo kwenda juu ni la wifi yako. Hutaki, maduka yako wazi."

Binti akaitazama kola kwenye kioo, kisha wifi yake, kisha utosi wa mama yake uliokuwa umeshainamia pindo.

"Nataka."

"Basi simama wima. Na wewe," fundi akamwambia mkwe wake bila kuinua macho, "inua hicho kioo. Ataionaje kazi yako ukimwonyesha miguu?"