Najibu Mnyoosha Mipaka

Wenye mashamba wanaijua mipaka yao, lakini Najibu wa Miembeni, mjini Bukoba, aliijua zaidi yao. Hakuwahi kulima hata tuta moja la viazi. Alikuwa na kompyuta.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amepiga picha za harusi kwa lenzi pana, ile inayoingiza ukoo mzima mpaka shangazi wa pembeni, kisha ikampanua shangazi huyo mashavu hata wanawe wasimtambue. Lawama zilimchosha. Siku alipopata programu ya kunyoosha picha, alijiona amepewa cheo. Alivuta kitufe kwenye skrini, kuta zilizopinda zikasimama wima, na mashangazi wakarudi kwenye ukubwa waliojaliwa na Mungu. Tangu hapo kila mteja alipewa mhadhara: lenzi hupinda kila kitu, na bila mtaalamu picha haiaminiki. Mtaalamu hakutajwa jina, kwa unyenyekevu.

Ndipo Ta Lameki, mkulima wa Muleba, akamfuata. Jirani yake Philbert alidai mpaka wa vibanja vyao vya migomba ni mstari ulionyooka. Ta Lameki alisema unapinda katikati: mama yake alipofariki, wazee wa pande zote mbili walipanda upya milamula, mimea ya mpaka, ili izunguke kaburi. Baraza la kata lilitakiwa kusuluhisha. Mvua ilikuwa inanyesha na wajumbe walikuwa na viatu vizuri, kwa hiyo waliomba picha.

"Upige wote, mwanangu," Ta Lameki alimwambia. "Waone mama alipo."

Najibu akapanda ngazi, akauchukua mpaka wote kwa picha moja. Majani ya migomba yalilificha kaburi, wala hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua, aliporudi Miembeni, ni mstari wa milamula uliobenuka ukingoni mwa picha. Lenzi imefanya mambo yake tena! Programu yenyewe ilinyoosha kidogo ikaacha. Najibu akaona inamdharau. Akavuta kitufe kwa mkono wake mpaka milamula ikajipanga kama wanafunzi mstarini. Upande wa pili nyumba ya Ta Lameki ikapinda kiuno, akaikata itoke pichani. Kazi safi.

Siku ya baraza alianza na mhadhara wake, kisha picha ikapitishwa mkono kwa mkono. Philbert alitabasamu mpaka gego la mwisho.

"Nimwombe nini tena Mungu? Ta Lameki mwenyewe ameniletea ushahidi."

Ta Lameki aliishika picha kwa mikono miwili. "Mama yangu yuko wapi hapa?"

Mwenyekiti, Ma Agnetha, akamgeukia mpiga picha. "Mstari ndivyo ulivyo?"

"Nimeunyoosha," Najibu alisema kwa sauti ndogo. Akatoa kwenye simu picha ya awali. Humo mpaka ulipinda, lakini hata ukuta wa nyumba ulipinda.

"Si umetuambia sasa hivi kwamba lenzi hupinda kila kitu?" Philbert aliuliza kwa upole wa ajabu.

Hapo hapakuwa tena na picha ya kuaminika. Ma Agnetha alishusha pumzi, akavua viatu vyake vizuri, na wajumbe wote wakamfuata pekupeku kwenye matope.

Katikati ya mpaka, milamula sita minene ililizunguka kaburi lililoota ukungu wa kijani. Ma Agnetha aligusa kila shina. Hapakuwa na hata moja la jana.

"Mpaka ni huu," alisema, na Philbert akakumbuka ghafla kwamba ana kazi nyumbani.

Najibu alingoja matusi. Yangemsaidia. Ta Lameki hakumtukana. Alichuchumaa, akaondoa majani makavu juu ya kaburi.

"Mama, pole kwa usumbufu," alisema. "Huyu ni Najibu, ametoka mjini. Ndiye aliyekuondoa kwenye picha, nusura akuondoe na nyumbani."

Najibu alichuchumaa naye. Akaokota majani yaliyobaki, na kwa mara ya kwanza tangu anunue kompyuta akakiacha kilichopinda jinsi kilivyo.