Matembezi ya Mjane wa Silasi

Getruda wa Makoko aliishi vizuri na watu wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja yeye alimchukia kwa bidii ileile ambayo wenzake waliitia kwenye mashamba ya mihogo. Hakuificha chuki yake. Padri alipomkumbusha habari ya kusamehe saba mara sabini, alimjibu kwa adabu kwamba alikuwa hajaanza hata mara ya kwanza.

Mtu huyo aliitwa Florian. Miaka ya shida, sabuni ilipogawiwa kipande kwa kaya na sukari ikabaki kuwa habari ya redioni, Florian alikuwa meneja wa duka la ushirika kule Kamunyonge. Mume wa Getruda, Silasi, alikuwa mlinzi wa duka hilo. Florian alikuwa mcheshi, mwenye kuulizia watoto wa kila mtu kwa majina. Mwaka wa themanini na tatu, msako wa wahujumu uchumi ulipofika Musoma, askari waliongozwa hadi kwenye pango moja katika miamba ya Makoko. Humo wakakuta magunia ya sukari, katoni za sabuni na majora ya vitenge. Pango lilikuwa nyuma ya nyumba ya Silasi. Aliyewaongoza alikuwa Florian, na alisema kwa huzuni, "Nilimwamini huyu kama mdogo wangu wa tumbo moja."

Getruda alijua ukweli. Jioni moja kabla ya msako alikuwa miambani akiokota kuni, akamwona Florian akisimamia mizigo inayoshushwa kutoka mtumbwini. Aliyeibeba ni Bernado, hamali wa duka. Getruda aliyasema hayo polisi. Akaambiwa mke wa mwizi hawezi kuwa shahidi.

Silasi akafungwa. Alipotoka kifua kilikuwa kimekwisha, na hakumaliza masika yaliyofuata. Siku ya matanga Florian alileta mchele na mfuko wa sukari. Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kusahau chai tamu. Getruda aliuchukua ule mfuko, akateremka nao hadi majini, akaumimina wote ziwani huku waombolezaji wakitazama. Wako waliolia kwa ajili ya Silasi na wako waliolia kwa ajili ya sukari.

Kisha ukaja wakati wa ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikatandazwa kila mahali, na waliokuwa na akiba ya siri wakaitoa hadharani wakaitwa wafanyabiashara. Florian akajenga nyumba ya wageni kando ya ziwa. Akanunua Land Rover kuukuu, akawa anawachukua wazungu Bunda, anawaingiza mbugani, anawapitisha Butiama, kisha anawalaza Musoma. Mjini kwenyewe hawakuonyeshwa kitu. Walikunywa bia, wakatazama maji, asubuhi wakaondoka.

Getruda wakati huo alikuwa akiuza dagaa Mwigobero, kwenye gati la mitumbwi. Siku moja dereva wa Florian, Alfonce, mtu wa Nyamuswa, alimjia na mama mmoja mzungu.

"Shikamoo mama Jeska. Huyu mgeni anauliza watu wa Musoma wanafanyaga nini kabla ya saa sita. Mimi mji huu nao siujui."

Getruda alimtazama yule mgeni viatuni. Vilikuwa vya kutembelea.

Aliwapeleka kwa wahunzi waliokuwa wakifua majembe kutoka springi za magari mabovu. Akawapeleka kwa mafundi wa mitumbwi wanaoziba nyufa kwa pamba, kisha uchochoroni ambako wanawake walibanika mapanki, vichwa na mifupa ya sangara, na kusimuliana mambo ya waume zao bila kushusha sauti. Akawapandisha kilima cha Mukendo. Mwisho akawafikisha Makoko, akawaonyesha vishimo kwenye mwamba ambamo bibi zake walisagia ulezi. Hapo ndipo aliposimama. Hatua chache mbele lilikuwa pango, lakini hakulitaja.

Mgeni yule akasimulia wenzake, na wenzake wakaja. Haukupita muda mrefu Florian mwenyewe akawa anawaahidi wageni "Musoma ambayo wengine hawaijui", na matembezi ya Getruda yakawa sehemu ya safari zake. Huko baa aliwaambia marafiki, "Hata mjane wa Silasi sasa anakulaga mkononi mwangu. Muda unaponya."

Maneno hayo yalimfikia Getruda. Binti yake Jeska alitaka waache kazi ile siku hiyohiyo.

"Mama, mtu amekutukana, nawe unamtembezea wageni?"

"Namtembezea."

"Basi waambie hao wazungu habari ya pango. Alfonce atatafsiri."

"Mzungu nimwambie ili iweje? Atapanda nayo ndege. Mimi nataka masikio ya hapahapa."

Akangoja. Alitabasamu, akapokea salamu za Florian, akampelekea sato wa kukaanga wageni wake walipokuwa wengi. Jeska alisema baadaye kwamba mama yake hakuwahi kumtisha kama miaka ile ya kutabasamu.

Mwaka wa tisini na nne Florian akataka udiwani. Ili watu waone maendeleo aliyoyaleta, aliandaa matembezi makubwa. Alialika ofisa wa mkoa, wazee wa kanisa lake na mtu wa redio, na wapiga kura wote wa Kamunyonge na Makoko walikaribishwa kufuata nyuma. Kiongozi wa matembezi angekuwa mama Jeska.

Getruda alipoambiwa, alipanda basi kwenda Bunda. Alisikia Bernado yuko huko, kibarua katika kinu cha pamba. Alimkuta amekaa juu ya marobota, nywele zimejaa nyuzi nyeupe.

"Unajua kilichonileta," alisema.

"Nakijua. Siwezi, shemeji. Nina watoto."

"Silasi pia alikuwa na mtoto. Na siku mkeo anajifungua, baiskeli iliyompeleka hospitali ilikuwa ya nani?"

Getruda akamtajia siku ya matembezi, akarudi Musoma bila kujua kama atakuja.

Siku ya matembezi Florian alivaa suti ya Kaunda, akatembea mbele pamoja na ofisa, akieleza mambo ambayo kwa kweli alikuwa akiyaona mara ya kwanza. Walipofika kwenye vishimo vya ulezi akashukuru umati na kutaka kugeuka.

"Bado mahali pamoja, mheshimiwa," Getruda akasema. "Pale mbele."

Watu walikwisha kumfuata. Alisimama mlangoni pa pango, akaanza kueleza kwa sauti ileile aliyoelezea mitumbwi. Alisema ni vitu gani vilikutwa humo, mwaka gani, nani alifungwa, na nani alikuwa ameviweka. Florian akacheka.

"Mama huyu ana uchungu. Tumwelewe."

Bernado akatoka nyuma ya umati. Alikuwa amefika na basi la asubuhi, na hata Getruda hakuwa amemwona.

"Mimi ndiye nilibebaga," alisema. "Florian ndiye alinituma. Nilitoa sukari ya watu dukani nikaileta hapa, na Silasi hakujua kitu. Mnifunge mkitaka."

Mzee mmoja wa kanisa alivua kofia, akaivaa tena, akaondoka. Wengine wakamfuata, wakimpita Florian kana kwamba alikuwa mmoja wa ile miamba. Mtu wa redio alibaki na kinasa sauti chake.

Florian hakupata udiwani. Wapishi wake waliacha kazi, wanawake wa Mwigobero wakakataa kumuuzia samaki, na Alfonce akaenda kuendesha gari la mtu mwingine. Nyumba ya wageni ikafungwa. Florian akahamia Bunda. Kabla ya kuondoka alikuja Makoko pamoja na mchungaji, akapiga magoti uani.

"Inuka, unachafua suruali," Getruda akamwambia. "Msamaha wako anao Silasi. Mfuate umwombe."

Akaingia ndani akafunga mlango. Mchungaji aligonga kwa muda, kisha akachoka.

Baadhi ya watu walisema alizidisha. Yeye alisema alipunguza. Aliendelea kutembeza wageni, sasa kwa jina lake mwenyewe, na pango likawa kituo cha mwisho kwa kila mtu, mzungu na Mwafrika.

Florian alipofariki, Getruda alivaa gauni lake la kanisani akaenda Bunda kuzika. Alisimama karibu kabisa na kaburi tangu udongo wa kwanza mpaka wa mwisho. Hakutoa chozi, hakuimba. Mama mmoja wa pale alimshika mkono kwa huruma, akamuuliza marehemu alikuwa nani wake.

"Hakuwa wangu," Getruda alijibu. "Nimekuja kuhakikisha."