Nilivyomuaga Bibi wa Watu

Hili sijamsimulia hata mume wangu, na nyie mkinicheka nitaelewa, ila mimi mwenyewe nikilikumbuka nafunika uso kwa mto.

Mnajua nafundisha chekechea Dar, na likizo ile fupi nilikwenda kwa dada yangu aliyeolewa Ruangwa. Siku moja nikaaga naenda Nachingwea kuuona mji kwa miguu yangu, maana mimi mahali nisipopakanyaga huwa sihesabu kwamba nimefika (dada akasema, "Jua la huku si la kuzurura, panda bajaji," nikamwona mvivu). Nikashuka stendi, nikazunguka soko, nikafuata barabara ya vumbi jekundu mpaka nyumba zikaanza kuachana na mikorosho ikaingia katikati, kichwani nimejifunga mtandio, begi mgongoni, kiu imenikaba hata mate hayamezeki, na duka silioni.

Ndipo nikaona turubai, na kina mama wamekaa kwenye mikeka. Mwenye akili angejiuliza turubai la nini. Mimi nikawaza maji.

"Hodi! Shikamooni."

"Marahaba," akajibu mama mmoja wa makamo, akanitazama kuanzia viatuni. "Umetoka Dar?"

"Ndiyo, nimetoka Dar," nikasema (na ni kweli nimetoka Dar, ningejibu nini?).

Akaangua kilio. Wenzake wakainuka, wakawa wanaongea Kimwera kwa haraka, mimi nashika neno moja tu, "Somoe, Somoe", begi likavuliwa, nikashikwa mikono huku na huku, na kabla sijajua kinachoendelea nimepigishwa magoti ndani, mbele ya maiti iliyokwisha kuvishwa sanda, wanaifunua uso. Bibi kizee mwembamba, amefumba macho kama anayesikiliza mtu.

"Muage bibi yako," yule mama akaniambia. "Mama yangu alikuita mpaka mwisho. Simu yako haipatikani, wanaume wanataka kuzika tangu asubuhi, nimewakatalia, nimesema mjukuu wake yuko njiani."

"Mama, si mimi."

"Najua, mwanangu. Si wewe, si mimi, ni mapenzi ya Mungu."

"Hapana, mimi simjui huyu bibi!"

"Utamjulia wapi, ulichukuliwa hapa ungali wa kubebwa mgongoni?"

Akanikumbatia, akalia begani kwangu, na mimi (hapa ndipo ninapojichukia) nikalia pia, maana kilio cha mtu hunivuta, na nilivyolia ndivyo walivyozidi kuamini. Mwanaume akauliza nje, "Tayari?" Akajibiwa, "Tayari, kaja." Jeneza likabebwa. Nikabaki mkekani natafuta mdomo wangu, na kila nikitaka kusema mtu mwingine anakuja kunipa pole.

Halafu bajaji ikasimama. Akashuka msichana wa rika langu, anachechemea, kiatu kimekatika mkanda.

"Bibi yuko wapi? Mimi Somoe. Gari limetuharibikia njiani, simu imezima."

Vichwa vikanigeukia, kimoja baada ya kingine.

"Na wewe ni nani?" yule mama akaniuliza, kwa sauti ndogo sana.

"Nilikuja kuomba maji."

Wangenitukana ingekuwa nafuu. Walinitazama tu. Somoe alirudi kwenye bajaji, ikamkimbiza makaburini, na aliporejea hakuhitaji kuulizwa, magoti yote yalikuwa udongo. Alikuta wameshafukia.

Nikachukua begi niondoke na aibu yangu, akanizuia mlangoni.

"Wewe ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alikuwaje? Mimi namjua kwa sauti ya simu tu."

Jamani. Nikakaa naye chini, nikamweleza uso wa bibi yake mwenyewe: chale za zamani mashavuni, tundu la ndonya (kile kipambo cha wanawake wa kale) lililosinyaa juu ya mdomo, nywele nyeupe zilizochungulia kwenye sanda. Akauliza, "Chale mashavu yote mawili?" Nikasema yote mawili. Akajishika mashavu yake, yasiyo na kitu, akalia. Yule mama akaja akakaa naye, akanipa mgongo, na sikumlaumu.

Tangu siku hiyo, nikifika nyumba ya watu nisiowajua, hata hodi haijaitikiwa, nataja jina langu, la baba yangu na kilichonileta, kwa sauti, tena narudia. Wananiona mshamba. Wacha wanione.