Dume Aliyeniitikia Mbele ya Mama Mkwe

Nichekeni tu, wenzangu, nimestahili. Mzee mmoja mwindaji ninayefanya naye kazi ghalani Hyattsville, huku Marekani, alinifundisha kuchonga kisanduku cha kuitia bata mzinga: unapaka kifuniko chaki, unakisugua ukingoni, ubao unalia. Akaniambia dume mkubwa atakuja. Mimi niliyekulia kwenye majogoo nikajua basi hiyo ni sauti ya dume anayetafuta ugomvi.

Visanduku vya mwanzo vilikwaruza kama bawaba kavu. Hiki cha mwisho kikalia vizuri, nikawa siambiliki.

Jumamosi nikamketisha mama mkwe, aliyetoka Moshi kuja kulea mjukuu, uani kwetu Upper Marlboro, pembeni mwa msitu. Mke wangu akashika kamera ya video, kanda ipelekwe kwa baba mkwe.

"Mama, sasa namtukana dume mwenzangu," nikatangaza, nikasugua.

Msitu ukaitika. Nywele zikanisimama. Akatoka dume, akafungua mkia uliong'aa kama shaba, kichwa chekundu na buluu, mabawa yakiburura majani. Ubao niliouchonga juu ya meza ya jikoni ulikuwa umeongea na kiumbe cha Mungu, naye akaelewa! Akanizunguka polepole, kwa madaha, akijitikisa mbele yangu.

Mama mkwe akajifunika mdomo kwa kanga.

"Baba Neema, huyu hakuja kupigana. Umemwita kwa sauti ya jike, amekuja kuposa. Nimwambie umeshaoa, au tusikie kwanza mahari yake?"