Shali ya Mtoto wa Kemigisha

Nyirabizimana, mkimbizi wa kambi ya Nakivale aliyesifika kwa kufuma, aliagizwa shali ya mtoto na Kemigisha, mke wa askari kule Mbarara, aliyekuwa mjamzito. Kila alipofika mwisho aliona ua moja la shali limepinda, akaifumua yote. Hatimaye akaipeleka. Aliyetokea mlangoni kumpokea alikuwa mtoto mwenyewe, akitembea.

"Mama, ulipotea wapi?" Kemigisha aliuliza.

"Kila mara niliona fasi moja haiko muzuri," alijibu, macho chini.

Kemigisha aliikunjua. "Hii nzuri sana. Hata ile ya kwanza ingetosha."

Akamfunga mtoto shali kiunoni, naye akakimbia uani akicheka. Nyirabizimana aliona haya hata akashindwa kunywa chai aliyowekewa.

Tangu hapo, akimaliza kazi huipeleka siku hiyohiyo, bila kuikagua tena.